Huyu, Si Huu

Shangazi yangu hakuwahi kuingia chumbani kwake bila kupiga hodi. Chumba kilikuwa chake peke yake, ufunguo alikuwa nao mwenyewe kwenye kamba shingoni, na ndani hapakuwa na mtu. Hata hivyo kila aliporudi kutoka kazini alisimama mbele ya mlango, akaweka chini mfuko wake wa vitambaa, akagonga kwa kifundo cha kidole na kusema, "Hodi." Kisha, bila kutikisa midomo, kwa sauti nzito iliyotoka mahali fulani chini ya kifua chake, akajijibu: "Karibu, mke wangu. Leo umechelewa." Hapo ndipo alipoingiza ufunguo.

Wapangaji wenzake walikuwa wameshazoea. Waliogutuka ni wageni. Mama mmoja muuza sabuni, siku chache baada ya kuhamia chumba cha pili, alimwuliza jirani kama yule dada fundi ana mume mgonjwa anayelala ndani kutwa.

"Mume anaye," jirani akamjibu, "lakini si mgonjwa. Ni pamba."

Alikuwa anasema kweli. Mume huyo, tuliyemwita Bwana tu, alikaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, mguu mmoja juu ya mwingine, akitazama uani. Alikuwa na kimo cha mtu mzima. Kichwa chake kilikuwa cha gunia lililofuliwa mpaka likalainika, masikio ya ngozi ya kiatu kikuukuu, na macho ya vifungo viwili visivyofanana, kimoja cheusi cha koti na kimoja cha kahawia cha blauzi. Kwa sababu hiyo ukimtazama uliona kama anakuangalia wewe na pia mtu aliyesimama nyuma yako. Alivaa koti la kijivu lililokuwa la babu yangu. Shangazi alimshona mwenyewe, kwa mkono, na kwa miaka mingi aliyopanda jukwaani alipanda naye.

Kuna kosa moja ambalo hakumsamehe mtu. Mtu akimwuliza, "Mdoli wako umeuweka wapi?" alinyamaza kana kwamba hakusikia. Akiulizwa tena alisema, "Mfuko ndio unaowekwa. Mkate ndio unaowekwa. Bwana anakaa." Na akiona bado hujaelewa, alikurahisishia: "Sema huyu. Usiseme huu."

Mimi nilikua nikawa msahihishaji wa vitabu vya shule, na kazi hiyo imenifundisha kwamba wanaosema huu wana sababu zao. Mdoli, midoli, mti, miti. Lakini katika chumba kile sarufi ilikuwa moja, na mtoto yeyote wa mtaani aliijua. Hata watoto waliompiga chenga mwalimu wao walikuwa wakisimama dirishani na kusema, "Shikamoo, Bwana," na hawakuondoka mpaka waitikiwe marahaba.

*

Siku Bwana alipofika nyumbani kwetu mara ya kwanza mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa, kwa hiyo nasimulia kama nilivyosimuliwa na mama yangu.

Ilikuwa Jumapili, ndugu wamekusanyika kwa bibi. Shangazi alikuwa fundi katika karakana ya kushona sare za shule, na umri wake ulikuwa umefika pale ambapo kila kikao cha ukoo hugeuka kikao chake. Baba mkubwa, kaka yao wa kwanza, alikuwa mtu wa kuanza maneno kabla sahani hazijaondolewa.

"Mwaka jana ulituahidi kwamba mwaka huu utakuja na mtu," akasema. "Yuko wapi huyo mtu?"

"Yuko nje anavua viatu," shangazi akajibu.

Watu wakatazamana. Shangazi akatoka, akarudi ameshikana mkono na mwanamume wa matambara. Akamketisha kwenye kiti kitupu kando ya baba mkubwa, akamrekebisha kola, akamweka mikono magotini. Ndipo ile sauti nzito iliposikika kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo, shemeji. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa bado nashonwa."

Mama anasema watoto waliangua kicheko mpaka mmoja akapaliwa. Baba mkubwa hakucheka. "Hii ni nini?" akauliza.

"Si hii, shemeji," sauti ikasema. "Huyu."

Baba yangu ndiye aliyesimama. Yeye na shangazi walifuatana kuzaliwa, na walipendana kuliko wengine, lakini siku hiyo alimnyooshea kidole. "Hilo koti ni la baba," akasema. "Umemvua marehemu ukavisha mzigo wa vitambaa?"

Bibi akainuka polepole, akamwendea yule mgeni, akaunyoosha mkono wa koti kuanzia begani mpaka kwenye kifungo cha mwisho, kama anayeondoa vumbi. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa nguo yake, na mama anasema kufikia hapo haikujulikana tena kama anacheka au vipi.

"Mwacheni akae," akasema. "Koti hili halijakaa mezani hapa tangu mwenyewe alipoondoka."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwuliza shangazi habari za kuolewa. Lakini pia hawakumwita tena mara kwa mara. Mlango mmoja ulipofungwa, upepo ulifunga na mwingine.

*

Alianzia kwenye viwanja vya soko siku zake za mapumziko, akaenda mashuleni, mwishowe ukumbi wa mji ukampa jukwaa. Hapakuwa na mwanamke mwingine aliyefanya kazi ile, wala mwanamume, kwa hiyo hawakujua wamtangaze kama nani. Tangazo moja lilimwita mchekeshaji, jingine mchawi wa sauti, jingine likaandika tu: Bwana na Mkewe.

Alichoonyesha kilikuwa kidogo sana. Mke na mume wamekaa, wanagombana. Nani ameacha dirisha wazi. Nani amemaliza sukari. Kwa nini usinitazame ninaposema. Hakuwa na kamba wala kijiti cha kumchezesha Bwana. Mkono wake mmoja ulikaa nyuma ya koti, na bega la Bwana likipanda kidogo tu, ukumbi mzima ulijua amekasirika. Watu walicheka kwa sababu waliyasikia maneno ya nyumbani kwao. Wanawake walitoka wamewashika waume zao mikono, au wamewatangulia mbele bila kugeuka nyuma.

Walikuwapo wa kumchokoza. Wakati mmoja kijana alipaza sauti kutoka viti vya nyuma: "Dada, mume gani huyo, kichwani ana pamba tupu!"

Bwana akageuza kichwa taratibu mpaka akamwona. "Kichwani nina pamba, ndiyo," akasema. "Wewe mwenzangu una nini?"

Onyesho likiisha, alimbeba Bwana mgongoni, mikono ya Bwana ikimzunguka shingo, akarudi nyumbani kwa miguu. Njiani watu walimsalimu. "Bwana hajambo?" Naye alijibu, "Hajambo, ila hana hamu ya kula."

Mashabiki waliishia mlangoni pa ukumbi. Sikumbuki hata siku moja kumwona amesindikizwa mpaka chumbani.

Kila mwaka, mvua zikianza na karakana ikipunguza kazi, alimfumua Bwana. Alifungua mshono wa mgongoni, akatoa vitambaa vya ndani, akaanika, akajaza mabaki mapya ya sare, ya bluu na ya kijani. Alipomaliza kumfunga alichukua sindano nyembamba akamwongezea mkunjo usoni. Mmoja tu. Chini ya jicho, au pembeni mwa mdomo. Nywele zake za uzi mweusi alizichanganya na uzi mweupe, kidogo kidogo, kadiri zake mwenyewe zilivyobadilika. Nilimwuliza kwa nini asimwache kijana.

"Nikimwacha kijana," akasema, "watu watasema mimi ni mama yake."

Mwanamume wa kweli alikuwapo pia. Alikuwa fundi redio, mpole, mwenye kidole kilichoungua kwa risasi ya kulehemu. Alikuja jioni nyingi akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kwa sababu kiti kilikuwa cha Bwana. Niliwahi kumsikia akimweleza mama yangu uani:

"Shemeji, nitafanyaje? Kila nikimwambia jambo la maana ananijibu yule. Nimesikia mwanamke akilalamika kuletewa mke mwenza. Mimi nimekuwa mume mwenza wa gunia."

Mama akacheka, halafu akajuta, kwa sababu yule fundi hakuwa anatania. Baada ya muda hakuja tena. Shangazi alipoulizwa, Bwana ndiye aliyejibu: "Aliondoka bila kuniaga."

*

Nilipokuwa darasa la sita baba yangu alifariki. Ndugu walinisukuma mbele ya shangazi na kuniambia yale yanayosemwa siku zote: shangazi ni baba, sasa huyu ndiye baba yako. Shule yangu ilikuwa karibu na chumba chake, kwa hiyo nilihamia kwake.

Niliishi naye mpaka nilipoingia chuo, na kwa muda wote huo maneno yake mwenyewe kwangu yalikuwa machache na ya kazi. Umekula? Umefua? Geuka nikuone pindo. Mengine yote yalitoka pale dirishani, kwenye kiti. Usiku wangu wa kwanza, nimelala nimeukabili ukuta, Bwana ndiye aliyesema, "Shangazi yako anasema lia tu, hapa hakuna anayekataza." Nilipofaulu mtihani shangazi alinishonea sketi, akaiweka kitandani bila neno, na Bwana akasema, "Ameikeshea hiyo. Usimwambie nimekwambia."

Nilimpenda Bwana. Lakini mtoto aliyepoteza baba ana njaa yake. Siku moja, nikiwa nimekaa sakafuni nachambua vifungo kwa rangi, nilimwambia yule mwanamume wa gunia, "Mwambie aseme mwenyewe."

Cherehani ilisimama. Shangazi alikuwa amenipa mgongo, na hakugeuka.

"Hajui," Bwana akasema. "Mimi nilishonwa kwa kazi hiyo."

Kisha cherehani ikaendelea. Nilikua na njaa hiyo moja. Nilienda chuo nayo, nikapata kazi nayo, nikapanga chumba changu mtaa mwingine nayo. Kila Jumamosi nilikwenda kumtembelea, na kila nilipobisha hodi ni Bwana aliyenikaribisha.

*

Sauti yake ilianza kukwaruza mwaka ambao hatukuwa na mvua. Alidhani ni vumbi la vitambaa. Alikunywa tangawizi, akajifunga shingo, akapunguza maonyesho. Ilipofika kwamba Bwana anakohoa kabla ya kusema "karibu," nilimpeleka kwa daktari wa koo.

Daktari alikuwa binti mdogo, mtaratibu. Alitueleza bila kuzunguka kwamba kuna uvimbe mbaya kwenye koromeo. "Ukiachwa utakuua, mama," akasema. "Tunaweza kuutoa, na ukapona. Lakini tukiutoa, sauti itaondoka nao."

"Sauti ipi?" shangazi akauliza.

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama mzani wa kupimia uzito uliokuwa pembeni.

"Mama," daktari akasema, "koo ni moja."

Shangazi akafikiri, akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli. Tulikuwa tunalitumia kwa zamu, kama bomba la uani."

Alipewa tarehe. Tarehe ikafika, hakwenda. Akapewa nyingine, akasema ana sare za shule nzima za kumaliza. Jumamosi iliyofuata sikukaa hata kitandani. Nilisimama katikati ya chumba na begi langu begani.

"Shangazi, daktari amesema tusikawie."

"Mke wangu hana haraka," Bwana akasema. Sauti yake ilikuwa imebaki nusu, kama mlango unaosugua sakafu.

"Sikukuuliza wewe, Bwana. Nasema na shangazi yangu."

Shangazi alikuwa anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Aliulamba uzi, akajaribu tena, ukakataa.

"Nikinyamaza mimi," Bwana akasema, "nani atamjibu hodi?"

"Nitamjibu mimi."

"Wewe unakaa mtaa mwingine, mwanangu. Hodi haivuki barabara."

Nilimpitishia uzi kwenye sindano, nikaondoka.

*

Onyesho lake la mwisho lilikuwa la alasiri, katika ukumbi uleule wa mji. Lilikuwa limetangazwa kabla ya habari za koo, naye hakutaka kulifuta. Nilikaa pembeni karibu na jukwaa. Ukumbi ulijaa, feni ya dari ikilia kila ilipofika mahali pamoja katika mzunguko wake. Walikuwapo waliokuja na wajukuu, wakiwaonyesha kwa kidole: ndiye yule, ndiye yule.

Alianza kama kawaida. Alimketisha Bwana, akaketi naye, mkono nyuma ya koti.

"Bwana, chai umeipenda?"

Bega la Bwana lilipanda. Kichwa kikageuka. Na kutoka kifuani mwa shangazi ikaja hewa tu, kama ya pampu ya baiskeli iliyotoboka. Mimi niliisikia kwa sababu nilikuwa karibu. Akajaribu tena, nikaona mshipa wa shingo umesimama. Hakikutoka kitu.

Watu wakacheka. Walijua utani unakuja, na Bwana alikuwa mtu wa kujivuta.

"Leo umenuna?" shangazi akasema kwa sauti yake nyembamba, ile iliyokuwa bado imebaki.

Kicheko tena.

"Nimekukosea nini?"

Bwana kimya, macho yake mawili yakiangalia pande mbili.

"Mwache, dada, ndivyo walivyo!" mama mmoja akasema kutoka katikati, na ukumbi ukapasuka. Mwanamume mmoja akaongeza, "Labda ana nyumba ndogo!" na mama yule akamgeukia: "Wewe umejuaje?" Wakacheka mpaka viti vikagongana.

Shangazi alisubiri wamalize. Hakuwa na haraka. Kisha akasogea karibu na Bwana, akamtazama kifuani, akasema taratibu, "Kifungo chako kimelegea."

Alichomoa sindano kwenye kola ya gauni lake, mahali alipoiweka maisha yake yote, ikiwa na uzi wake tayari. Akaanza kukishona kile kifungo. Alishona kama anavyoshona fundi, bila maonyesho, akipitisha, akivuta, akipitisha. Kicheko kilipungua safu kwa safu. Mtoto mmoja aliuliza jambo akanyamazishwa. Mwishowe ilibaki feni peke yake. Nilimwona yule mama wa katikati ameweka mkono mdomoni.

Alipomaliza aliinamisha kichwa kwenye kifua cha Bwana akaukata uzi kwa meno. Kwa waliokaa nyuma ilionekana kama amemlalia. Kisha akasema, "Haya. Twende nyumbani."

Akambeba mgongoni, akashuka ngazi za mbele badala ya kupita nyuma ya pazia, akapita katikati ya watu, akatoka kwa mlango mkubwa. Hawakupiga makofi mpaka mlango ulipofungwa. Halafu walisimama wote, wakaupigia makofi mlango.

Nilimfikia njiani. Uani kwake mama muuza sabuni alikuwa anaanua nguo. Shangazi akamshusha Bwana, akamwegemeza ukutani, akagonga mlango wake.

"Hodi," akasema.

Akangoja. Mama muuza sabuni naye aliacha kuanua, akasimama na shuka mikononi. Nilifungua kinywa nijibu, lakini neno lile halikuwa langu.

Shangazi aliingiza ufunguo. "Kesho," akaniambia, "twende kwa yule binti wa koo."

*

Kabla ya siku ya hospitali msimamizi wa ukumbi alikuja na seremala. Alikuwa mtu mnene mwenye furaha nyingi, na alikuwa ameandaa kabati la kioo pale mlangoni pa ukumbi ili Bwana akae humo, watu wamwone. Shangazi alikuwa amekubali. Seremala alimpima Bwana mabega kwa futi.

"Bwana ana kifua, dada," akasema. "Tumchukue sasa hivi au tumwache amalize kupunga upepo?"

Msimamizi akatoa kadi ya kubandika kwenye kioo, akanipa. "Wewe ndiye mwenye kalamu nyekundu. Hebu itazame."

Ilianza hivi: *Mdoli huu ulishonwa kwa mkono.* Kalamu ilikuwa tayari imeshatoka mkobani. Nilikuwa nimeanza kuukata ule u wa mwisho wa *huu*, nikiwa na hakika kwamba hilo ndilo shangazi angelitaka kwanza, kabla hata ya jina lake.

"Acha," shangazi akasema.

Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama mbele ya kiti, anamfunga Bwana kifungo cha juu cha koti. Alimaliza, akapitisha kiganja kutoka begani mpaka kwenye kifungo cha mkono, vilevile alivyofanya mama yake siku ile ambayo mimi siikumbuki. Akarudi nyuma hatua moja.

"Iache kadi ilivyo," akasema. Kisha akawageukia wale wanaume. "Uchukueni. Jua litakuwa kali."

Hakusema mchukueni. Herufi moja tu. Msimamizi hakuona lolote, akasema asante sana, mama, tutautunza. Lakini seremala, ambaye alikulia mtaa ule na aliwahi kusimama kwenye dirisha lile akingoja marahaba, alishusha mikono. Alinitazama kama mtu aliyesikia habari ya msiba na hajui ampe nani pole. Mwishowe alimpakata yule mzigo wa kijivu mikononi kama unavyompakata mtu aliyelala, akatoka naye kinyumenyume ili kichwa kisigonge mwimo wa mlango.

*

Shangazi alipona. Aliishi miaka mingine kadhaa bila sauti, na ninaweza kusema yaliyofuata kwa ufupi. Aliendelea kushona. Alituelewa na tukamwelewa, kwa macho, kwa kidole, kwa kugonga meza na mkasi. Msichana mmoja aliyekuwa ukumbini alasiri ile alimjia na gunia lake, akajifunza mishono kwake, na siku hizi ana watu watatu wa vitambaa anaozunguka nao. Hakuna hata mmoja wao anayesema neno, na watu hujaa. Mjini mtu akinyimwa jibu na mwenzake husema, amenipa kimya cha Bwana. Wengi wanaosema hivyo hawajui Bwana alikuwa nani, wala mkewe. Kwenye kioo kadi bado ipo, na juu ya *huu* kuna alama yangu nyekundu iliyokatishwa nusu.

Na mpaka mwisho wake shangazi hakuingia chumbani bila kubisha. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akangoja kidogo, akainamisha sikio, kisha akafungua.

Lakini neno la mwisho alilonitamkia kwa kinywa chake ni la asubuhi niliyokwenda kumchukua kumpeleka hospitali. Uani palikuwa pametulia, watu wameshaenda makazini. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Kupitia dirishani nilikiona kiti, mto wake bado umebonyea. Nikagonga.

"Hodi," nikasema.

Nikainamisha sikio mlangoni. Nilijua nilikuwa nasikilizia ile sauti nzito, kwa mazoea tu. Kisha akanijibu kwa sauti nyembamba iliyokwaruza, yake mwenyewe.

"Karibu, mwanangu. Nipo mimi tu."